Roda Isiyo na Namba

Muuzaji aliziweka roda mbili, zile kapi za kupitishia kamba, juu ya kaunta, kando ya mzani na boksi la misumari. Ukubwa ni uleule, zote zinaenea kiganjani. Ya kwanza inang'aa, gurudumu la plastiki nyeusi, mashavu ya bati, ndoano juu. Ya pili nzito kidogo, kijivu kilichopauka, na ubavuni imegongwa herufi WLL na namba: 250 kg. Bei ya hii ya pili ilikuwa mara tatu ya mwenzake.

"Hii inabeba kilo ngapi?" niliuliza, nikiwa nimeshika ile inayong'aa.

"Kaka, hiyo hata ng'ombe unamnyanyua."

"Imeandikwa wapi?"

Akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaipangusa vumbi kwa kidole gumba. Hakuna namba, hakuna jina la kiwanda. Akanitazama kwa upole, akasema: "Wateja wote wanachukua hiyo. Hajarudi hata mmoja."

Nilinunua zote mbili, za kupandishia antena ya redio yangu. Lakini kauli ile, hajarudi hata mmoja, nilitoka nayo mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam, nikapanda nayo pantoni kuvuka kwenda Kigamboni, na kwa wiki kadhaa haikuniacha.

Mtu ambaye roda yake imekatika anarudi dukani kufanya nini?

Kilo mbili na nusu

Wenzangu wa redio ya ridhaa, tunaorusha mawimbi kwa kujifurahisha, hawahitaji kuelezwa kwa nini waya unatakiwa juu. Antena yangu ni ile ya kawaida kabisa, nusu wimbi ya megahezi 7: mita 20 za waya, baluni (kifaa kinachounganisha waya na kebo) katikati, na kebo inayoshuka mpaka dirishani. Upande mmoja inashikwa na mlingoti wa bomba kwenye kona ya nyumba, upande wa pili na mwembe. Kutoka mlingoti hadi mwembe ni mita 24.

Chini yake kuna njia ya miguu. Asubuhi anapita mama wa vitumbua na beseni lake kichwani. Alasiri wanapita watoto wa madrasa, wengine wakisimama kuangalia embe kama zimeiva. Jioni zinapita bodaboda zinazokwepa mashimo ya barabara kubwa.

Nilianza na hesabu ya mzani, kama wengi tunavyofanya. Mita 10 za kebo nene ya RG-213 zina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ongeza baluni na viunganishi vyake, unafika kilo mbili na nusu. Waya wenyewe haufiki kilo moja.

Nikamsimulia rafiki yangu mmoja wa 5H (herufi zinazoanza majina ya vituo vya Tanzania), mtu aliyeanza kurusha mawimbi kabla sijajua hata kuunga kebo. Alinijibu: "Ndugu yangu, kilo mbili na nusu unazitafutia roda ya kilo 250? Unaogopa kivuli chako."

Hoja yake ilikuwa nzito. Hapa mjini hela ya roda moja nzuri ni hela ya matumizi ya nyumbani ya siku kadhaa, na si haki kumwambia kijana anayeanza, aliyekwisha kulipia leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na redio ya mtumba, kwamba bado kuna kifaa kingine cha bei. Kwa siku kadhaa niliamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Kanga mbichi

Kilichonitoa kwenye imani hiyo kilikuwa uani. Kamba ya kuanikia nguo ikiwa imelegea, ukitundika kanga mbichi katikati, inashuka tu na mambo yanaisha. Ikiwa imekazwa mpaka imenyooka, kanga ileile inazivuta nguzo ndani, na siku moja msumari unachomoka. Kanga haijaongezeka uzito. Kamba ndiyo imenyimwa nafasi ya kushuka.

Antena ya waya yenye kebo katikati iko hivyohivyo, na hesabu yake ni fupi. Chukua uzito wa katikati, zidisha kwa umbali kati ya nguzo, kisha gawanya kwa mara nne ya kiasi ambacho waya umeshuka katikati. Kwangu mimi: kilo 2.5 mara mita 24 ni 60. Waya ukishuka mita moja, mvuto ni kilo 15. Ukiukaza ushuke nusu mita tu, ni kilo 30. Ukitaka upendeze, ushuke robo mita, ni kilo 60.

Na hapo bado hujafika kwenye roda.

Roda haibebi mvuto wa kamba moja. Inabeba kamba zote mbili, ile inayoingia na ile inayotoka. Kama waya unakuja kwa ulalo na kamba inashuka wima kando ya mlingoti, pembe ni nyuzi 90, na ndoano ya roda inapata mara 1.4 ya mvuto wa kamba. Kamba zote mbili zikielekea chini, kama unapopandisha kitu wima, ndoano inapata mara mbili kamili. Kwa hiyo kilo 15 zinakuwa 21 kwenye roda, na zile 60 za antena iliyonyooka zinakuwa kama 85.

Kuna atakayesema kwamba waya utakatika kwanza. Kwa waya laini wa shaba wa nyumbani, ule wa milimita 2.5 za mraba, ni kweli: huanza kurefuka mapema sana na hukatika kwenye kilo 50 au 60 hivi. Lakini wengi sasa wanatumia waya wa chuma uliofunikwa shaba kwa sababu haurefuki. Huo hauna huruma na roda. Na binadamu mzima anayening'iniza mwili wake kwenye kamba ili "ikaze kidogo" anaweza kuongeza kilo 50 kwa mara moja bila kuhisi kwamba amefanya jambo kubwa.

Namba zenyewe nazo

Basi nikaanza kusoma yanayogongwa kwenye roda, na hapo nikakuta jambo ambalo linafaa kusemwa kwa sauti, kwa sababu linaweza kumponza mtu makini kabisa.

Namba ni za aina mbili. Herufi WLL, au SWL kwenye roda za zamani, zinataja mzigo wa kazi: kiasi unachoruhusiwa kuiwekea kila siku. Kiwanda kimeshapunguza kutoka kwenye kiasi kinachoivunja, kwa kawaida mara nne au tano. Namba ya aina ya pili ni kile kiasi kinachoivunja chenyewe. Roda za wapanda milima huandikwa hivyo, kwa kilonyutoni. Kilonyutoni moja ni kama kilo 100 za uzito, kwa hiyo roda yenye 22 kN itamfanya mtu afikirie tani mbili na zaidi. Hizo tani mbili ndizo zinazoiua. Gawanya kwa tano, unabaki na kilo 440 za kufanyia kazi.

Jingine ni kwamba mzigo wa kazi wa roda huhesabiwa kwenye ndoano au jicho lake, jumla ya kamba zote mbili. Roda ya kilo 250 ikitumika kupandisha kitu wima, kamba yenyewe isizidi mvuto wa kilo 125.

Nilirudi kwenye ile ya kijivu na swali jipya. Namba hii nani ameigonga? Nyundo na herufi za chuma zinauzwa palepale Gerezani. Muuzaji hakuwa na cheti, na jina la kiwanda lilikuwa limefifia mpaka halisomeki. Yaani nilikuwa na roda moja isiyosema kitu, na nyingine inayosema bila shahidi.

Mifuko ya saruji

Hapo ndipo tulipoamua kuzijaribu, mimi na fundi mmoja wa kuchomelea anayefanya kazi jirani. Tuliining'iniza ile inayong'aa kwenye boriti ya chuma, karibu na ardhi. Tukapitisha kamba kwenye gurudumu, kila ncha mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, mifuko ikiwa imekaa juu ya matofali. Kisha tukayavuta matofali kwa kamba nyingine, tukiwa tumesimama mbali. Mifuko ikabaki hewani kwa kimo cha kidole. Tukaiacha ilale hapo.

Kabla ya jaribio nilikuwa nimepitisha penseli kwenye mdomo wa ndoano. Ilipita kwa kubana.

Asubuhi roda ilikuwa bado inaning'inia. Haikukatika, na gurudumu lilizunguka vizuri. Nikashusha mzigo, nikapitisha penseli ileile. Safari hii ilipita bila kugusa popote, na pembeni yake zikaingia njiti mbili za kiberiti. Kwenye shingo ya ndoano rangi ilikuwa imepasuka vimistari vyembamba, na ndani ya vimistari chuma kilionekana cheupe.

Chuma kikipinda kisirudi, kimeshavuka mpaka wake. Fundi hakusema neno, akachukua msumeno akaikata pini. Tulitarajia kukuta kipande cha nondo. Tulikuta kibomba chenye kuta nyembamba, kimegongwa ncha zote mbili mithili ya ribiti, ili kisifunguke na wala kisionekane ndani.

Ile ya kijivu tuliitundikia mifuko ileile. Mdomo wake haukusogea, na pini yake ina nati unayoweza kuifungua ukaitazama.

Nilipomweleza rafiki yangu wa 5H alisema: "Sawa, lakini hata hiyo mbovu imebeba 100, na wewe mzigo wako ni 21." Naye alikuwa sahihi tena. Jaribio lile lilinionyesha roda moja, usiku mmoja, ikiwa mpya na kavu. Nyingine kutoka boksi lilelile inaweza kuwa bora au mbaya zaidi, sina njia ya kujua. Mashaka yangu hayakupungua, yalihama tu. Sikuwa tena na shida na kilo. Nilikuwa na shida na muda.

Feri

Siku moja asubuhi, nikisubiri pantoni, niliteremka mpaka ufukweni kwenye soko la samaki. Kulikuwa na mashua moja inatengenezwa tanga, na mzee mmoja nahodha amekaa kivulini akipitisha kamba kwenye roda ya mti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta samaki?"

Nikamwambia natafuta kujua yeye anajuaje kwamba roda yake itabeba. Foromali, ule mti unaoshika tanga, pamoja na tanga lililolowa si mzigo wa mchezo, na upepo ukishika ndio kabisa. Roda ile haikuwa na namba yoyote.

Hakucheka swali. Aliitoa pini, akanipa mkononi. Ilikuwa ya mti mgumu, imelainika kwa mafuta, na upande mmoja imeanza kulika kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni ila ukucha unakwama. Akanishika kidole akanipitisha hapo. "Hii nitaibadilisha," alisema. "Gurudumu si tatizo. Angalia pini, na angalia kamba inapoingilia."

Nikauliza huwa anaiangalia mara ngapi.

"Tanga linashuka kila siku. Likishuka, roda si iko hapa?"

Na wakati wa kupandisha, aliongeza, hakuna anayekaa chini ya foromali. Hata mwenye chombo.

Nililibeba jibu hilo mpaka ng'ambo ya pili. Nahodha hana namba kwa sababu ana kitu ambacho mimi sina: roda yake inapita mikononi mwake kila siku, na anajua mti wake ulitoka wapi. Antena yangu ikishapanda inakaa juu kusi nzima, na kaskazi ikija bado iko hukohuko. Hakuna ukucha unaopita kwenye pini. Mama wa vitumbua hana namna ya kuniambia nishushe kwanza apite. Namba iliyogongwa ubavuni ni ya watu kama sisi, tunaopandisha kitu na kukiacha.

Ukilitazama hivyo, ule mgawanyo wa mara nne au tano hauonekani tena kuwa woga wa viwanda. Ni akiba ya kutumika na kutu, jua na upepo katika miezi ambayo hatupo pale juu.

Chumvi

Na Kigamboni akiba hiyo inaliwa haraka. Hewa ya bahari inaingia kila mahali, waulize wenye mabati. Chuma kilichopakwa zinki nyembamba kinaanza kutoa machozi ya kahawia mapema sana. Chuma kisichoshika kutu nacho kina madaraja: kile cha 304 hupata madoa na vishimo karibu na bahari, cha 316 huvumilia zaidi kwa sababu kina molibdeni ndani yake. Beringi za gololi za chuma cha kawaida mimi sizitaki kabisa huku. Zikishika kutu, gurudumu linaganda, kamba inaanza kusugua badala ya kuzunguka, na kamba inayosugua inakatika.

Gurudumu la plastiki si baya kwa kuwa ni plastiki. Baya ni lile linalopauka na kupasuka kwa jua, na lile lenye nafasi kubwa kati yake na mashavu. Hili la nafasi nalitilia mkazo. Kamba nyembamba ya milimita 4 au 5 kwenye roda iliyotengenezwa kwa kamba nene hutoka kwenye mfereji, ikaingia kati ya gurudumu na shavu, ikakwama hapo. Antena haipandi wala haishuki, na mtu anaanza kuvuta kwa hasira. Mfereji uwe mpana kidogo tu kuliko kamba.

Kamba yenyewe nayo: zile za bluu na njano zinazouzwa kila kona ni nyepesi na rahisi, ila jua linazifanya unga. Ukiipinda ya zamani, vumbi linabaki mkononi. Kamba ya poliesta inastahimili jua zaidi na hairefuki ovyo.

Dumu

Kilichonipa usingizi hatimaye hakikuwa roda bora. Kilikuwa dumu la maji.

Mwembe hautulii. Kusi ikivuma, tawi linakwenda na kurudi, na antena iliyofungwa kwa kukazwa pande zote mbili inavutwa na mti mzima. Hapo hesabu ya kilo 15 inakuwa hadithi. Mti unaweza kuvuta kiasi chochote unachotaka mpaka kitu kiachie, na kitakachoachia ni kile kilicho dhaifu zaidi, pengine juu ya njia.

Kwa hiyo upande wa mwembe kamba haijafungwa popote. Inapita kwenye roda, inashuka kando ya shina, na mwisho wake umeshika dumu lenye lita 15 za maji, yaani kilo 15. Tawi likienda, dumu linapanda. Likirudi, linashuka. Mvuto kwenye kamba unabaki palepale, ukiacha msuguano, na roda inabeba kilo 21 leo na kesho, hata siku ya upepo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mzigo ninaoujua, wa kuulinganisha na namba. Kilo 21 kwa roda ya 250 ni chini ya sehemu moja ya kumi.

Dumu liko kwenye kizimba cha mbao, futi moja hivi kutoka ardhini, ili watoto wasilining'inie na likianguka lisiwe na pa kwenda. Na yote haya yana maana tu ikiwa gurudumu linazunguka. Roda iliyoganda inaligeuza dumu kuwa pambo, na mti unarudi kuwa bwana.

Jambo moja nimelikataa kulifanyia hesabu yoyote. Antena isiwe mahali ambapo ikikatika upande wowote, ikaanguka au ikapeperuka, inaweza kuufikia waya wa TANESCO, uwe ule mdogo unaoingia nyumbani au wa kilovolti 11 na 33 barabarani. Kwa hilo hakuna roda ya kilo ngapi. Nilihamisha mlingoti kutoka kona ya mbele kwenda ya nyuma, na nikapoteza mwelekeo niliokuwa nautaka.

Iliyo juu sasa

Roda ya kijivu iko mwembeni, juu ya njia. Haikufungwa kwenye tawi moja kwa moja. Inaning'inia kwa kamba yake yenyewe nene, iliyovishwa kipande cha mpira pale inapogusa gome, ili niweze kuishusha yote bila kupanda mti. Upande wa mlingoti nimeweka ya pili yenye namba kama hiyo, niliyoitafuta kwenye maduka ya vifaa vya boti na kuijaribu kwa mifuko ileile. Kamba zote ni kitanzi kinachozunguka, kwa hiyo waya ukikatika, ncha ya kamba haibaki juu.

Nimepanga kuzishusha masika yakiisha na vuli ikiisha, nifungue nati na kupitisha ukucha kwenye pini.

Na rafiki yangu wa 5H bado anaona nimetumia hela nyingi. Alipokuja kunitembelea alizunguka chini ya mwembe, akalisukuma dumu kwa mguu, akasoma kibati nilichokifunga kwa waya kwenye kamba ya roda. Kimeandikwa kwa msumari: imejaribiwa kilo 100, na mwezi wake. Akaniuliza kwa nini sikuandika "salama kwa kilo" kadhaa kama viwanda. Nikamwambia kilo 100 niliziona mwenyewe, salama sikuiona. Tukabishana juu ya hilo mpaka magharibi. Bendi ilipofunguka, yaani mawimbi yalipoanza kufika mbali, tukaingia ndani, akaomba karatasi aandike vipimo vya kizimba cha dumu.